Ukurasa wa Kulia

Daftari langu la mabondo lina kurasa mbilimbili:
kushoto naandika kilo, jina la mvuvi, bei ya siku hiyo pale Kirumba;
kulia, tangu Machi ile, naandika gari.

Milango miwili, rangi ya nyanya iliyoiva kupita,
bawa nyuma kama la ndege asiyekusudia kuruka.
Nililinunua kwa kijana wa mgodini Geita
aliyenikabidhi funguo kwa mikono miwili
kama mtu anayekabidhi mgonjwa.
Mikono sikuiona. Niliona bawa.

Wiki ya kwanza: rejeta. Laki mbili na nusu.
Lilichemka kwenye mlima wa Bugando, mbele ya wanafunzi wa uuguzi;
mmoja akauliza kama nahitaji machela.
"Mabati saba hayo," alisema Bwire nilipofika nyumbani.
Mume wangu hagombi. Anahesabu.
Nyumba yetu ya Buswelu ilikuwa kuta tupu, ikisubiri kuezekwa.

Wiki ya tatu: gasketi ya hedi, na kuchonga hedi yenyewe.
Fundi Lushinge alichovya kidole kwenye oili, akakiinua juani:
rangi ya chai ya maziwa.
"Chai hii, mama, hainyweki, ila inalipiwa."
Laki sita.
Mabati kumi na saba.

Gereji ya Lushinge iko Mabatini, kati ya jiwe na jiwe,
na gari langu lilitembea chini kama mende.
Kila nikilipeleka kutibiwa, njia inaliumiza upya.
Sampo ilipasukia kwenye mwamba wa mlangoni kwake.
Laki na themanini, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu:
*kwa fundi kwenyewe.*
Aliyechora gari hili hakuwahi kuonyeshwa Mwanza.

Julai tabo ikaanza kupiga mluzi.
Nikadhani ni uzuri. Nikashusha vioo, watu wasikie.
Agosti ukaja moshi wa bluu,
na Lushinge akaniambia ule mluzi ulikuwa wa kuaga.
Nyingine, ya mtumba, ilikuja kwa basi kutoka Dar,
imeviringishwa kwenye kipande cha kanga:
*Usisafirie nyota ya mwenzio.*
Milioni moja na laki mbili.
Bwire alinyamaza kidogo kabla ya kusema thelathini na manne.

Lakini kulikuwa na alfajiri moja.
Nafuata mzigo Magu, Kisesa imebaki nyuma,
lami kavu, gia ya tano ikaingia bila kugombana,
nikalipita basi la Musoma kama limeegeshwa.
Dakika kumi na moja hakuna kilichougua.
Nilitafuta mahali pa kuliandika hilo.
Kushoto si mabondo. Kulia hakuna bei.

Desemba nikamuuzia Mhoja, kinyozi wa Nyegezi.
Nilimtajia yote: rejeta, hedi, sampo, tabo,
na klachi ambayo nayo ilikuwa njiani.
Aliitikia ndiyo, ndiyo, akitazama bawa.
Funguo nilimpa kwa mikono miwili.

Sasa tumeezeka. Mvua ya juzi ilipiga juu yetu
na Bwire akalala kama mtoto aliyeshiba.
Mimi nilisikia kitu kabla ya taa kufika dirishani:
ngo, ngo, ngo kwenye kona,
barabara iliponyooka, kimya.

"Jointi ya ekseli," nikasema gizani. "Kushoto."
"Mabati mangapi?" Bwire akauliza, macho hajafumbua.
"Sita."
"Si yetu."
"Si yetu," nikakubali,
nimeshaketi, mguu ukipapasa sakafuni kutafuta kandambili.